Maswali ya Wasomaji: Kuonja Bia Nyeusi Kali ya Mtindo wa Kibelgiji

Barua za safari hii zote zimehusu bia nyeusi kali za mtindo wa Kibelgiji, hasa zile zinazotoka katika viwanda vidogo. Nimeanza na barua ndefu kuliko zote, kwa sababu maswali yaliyomo ndiyo yanayoulizwa na wengi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi nimezoea lager za kawaida. Hivi karibuni nilipewa zawadi ya chupa ya mililita 330 kutoka kiwanda kidogo, na lebo yake inasema ni bia nyeusi kali ya mtindo wa Kibelgiji yenye kileo cha asilimia 10. Niliitoa kwenye jokofu, nikaimimina, lakini funda la kwanza halikunipa chochote isipokuwa mchomo wa gesi na ukali wa pombe, nikaiacha mezani. Niliporudi baadaye, ile iliyobaki ilikuwa inanukia zabibu kavu, ndizi mbivu na karafuu. Je, bia hizi hutiwa matunda na viungo? Na mtu asiye mtaalamu atajuaje kama aliyoonja ni bia nzuri, au ni kali tu? — *Msomaji aliyeomba jina lisitajwe*

JIBU: Ndugu msomaji, kilichobadilika kati ya funda lako la kwanza na la mwisho ni joto la glasi. Jokofu la nyumbani huwa na nyuzi 4 hivi za Selsiasi, na baridi hiyo huifaa lager nyepesi kwa kuwa kazi yake kubwa ni kuburudisha. Bia nyeusi kali hutegemea manukato, nayo manukato hayapandi vizuri kutoka kwenye kinywaji kilichopoa mno, hivyo unabaki na gesi inayochoma ulimi pamoja na kileo kisicho na cha kukifunika. Kiwango kinachopendekezwa ni kati ya nyuzi 10 na 14. Chupa ikitolewa kwenye jokofu nusu saa hivi kabla ya kufunguliwa, itakuwa imekaribia hapo, na joto la mkono wako litamalizia kazi iliyobaki.

Glasi nayo ina sehemu yake. Wabelgiji wengi huinywa bia hii katika glasi pana yenye mguu, inayofanana na kalisi ya kanisani, na sikatai kwamba inapendeza machoni. Kwa kuonja, hata hivyo, mimi naichagua glasi yenye tumbo pana na mdomo uliobana kidogo, kwa sababu harufu hukusanyika ndani yake badala ya kutawanyika. Hakikisha imesuuzwa vizuri, kwani mafuta na mabaki ya sabuni huliua povu mara moja. Iinamishe glasi, mimina polepole, kisha uisimamishe mwishoni ili povu lijijenge, nawe uache nafasi ya theluthi moja juu.

Ukiitazama kwenye mwanga utaona kwamba bia inayoitwa nyeusi kwa kweli ni ya rangi ya hudhurungi iliyokolea, yenye wekundu pembezoni. Rangi hiyo haikuambii lolote kuhusu nguvu yake: Tripel ya abasia (nyumba ya watawa) ya Westmalle ina rangi ya dhahabu na bado ina kileo cha asilimia 9.5.

Sasa nije kwenye matunda na viungo. Katika bia nyingi za mtindo huu hamna ndizi wala karafuu hata punje moja. Harufu ya ndizi hutengenezwa na hamira, ambayo inapochachusha hutoa kemikali za kundi la esta, na mojawapo, isoamili asetati, ndiyo hiyo hiyo inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Karafuu pia ni kazi ya hamira, kwa kuwa hamira za Kibelgiji zina uwezo wa kuibadili asidi iliyomo katika shayiri ikawa fenoli yenye harufu ya kiungo, uwezo ambao hamira za lager hazina. Joto la uchachushaji huamua ni harufu ipi itakayotawala. Mtengenezaji wa lager huiweka bia yake kwenye baridi ya nyuzi 10 hivi ili hamira inyamaze, ilhali mwenzake anayefuata mtindo wa Kibelgiji huanza karibu na nyuzi 18 na kuliacha joto lipande hadi 22 au zaidi, akiitaka hamira iseme. Kwa hiyo, ingawa rangi na uzito wa bia hii huwavuta watu kuzungumzia kimea, mhusika mkuu ndani ya chupa ni hamira.

Zabibu kavu, plamu na tini zina asili nyingine. Hizo hutokana na vimea vya shayiri vilivyokaangwa hadi sukari yake ikaungua kidogo, pamoja na shira nyeusi ya sukari, mara nyingi sukari ya viazisukari, iliyochemshwa mpaka ikakolea rangi na kupata ladha ya karameli. Kimea kilichochomwa hadi kuwa cheusi kabisa, kile kinachozipa bia za stauti ladha yake ya kahawa, hakitakiwi hapa isipokuwa kwa kiasi kidogo sana cha kurekebisha rangi. Wapo watengenezaji wanaotia mbegu za giligilani au ganda la chungwa chungu, na hilo si kosa, ila kwa maoni yangu kiungo kinachotambulika kwa jina lake tangu funda la kwanza kimeshazidi.

Shira hiyo inastahili maelezo zaidi, kwa sababu ndipo bia za viwanda vidogo zinapotengana, nzuri na mbaya. Mtu angetarajia kwamba sukari ikiongezwa bia itakuwa tamu zaidi, kumbe matokeo ni kinyume. Sukari ya kawaida huliwa yote na hamira na kugeuka kileo na gesi, ilhali kimea huacha nyuma sukari changamano ambazo hamira haiwezi kuzila, na hizo ndizo zinazoufanya mwili wa kinywaji uwe mzito. Kiwango kile kile cha kileo kikipatikana kwa kimea peke yake, bia huwa nzito na ya kukinaisha. Sehemu yake ikitokana na sukari, bia huwa nyepesi kinywani kuliko nguvu yake inavyoonyesha. Bia nzuri ya aina hii hunukia utamu kisha humalizikia kwenye ukavu, na tofauti hiyo kati ya pua na koo ndiyo raha yake yote. Viwanda vidogo vinavyojaribu mtindo huu kwa mara ya kwanza hukosea mara nyingi hapo: hurundika vimea vya karameli, hupunguza sukari kwa kuiogopa, na mwisho hupata kinywaji kinachonata midomoni.

Watengenezaji wengine huandika kwenye lebo msongamano wa bia (uzito wake ukilinganishwa na wa maji, ambayo ni 1.000) kabla na baada ya kuchachuka, na kwa anayeweza kuzisoma tarakimu hizo zinasema mengi. Bia iliyoanza na 1.090 na kumalizikia 1.014 itakuwa na kileo cha karibu asilimia 10, na itakuwa imekauka vizuri. Ile iliyoanza pale pale lakini ikakwama kwenye 1.030 itakuwa na takriban asilimia 8, na sukari iliyobaki itasikika tangu mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu namna yenyewe ya kuonja, nusa kwanza, kwa pumzi fupi fupi, kwa sababu pua huchoka haraka ikivutwa kwa nguvu. Chukua funda dogo, liache lienee ulimini, limeze, kisha utoe pumzi kupitia puani ukiwa umefumba mdomo. Hapo ndipo ladha za matunda hujitokeza wazi kuliko wakati wowote. Kileo kisikilize kifuani na kooni. Kikiwa kizuri huleta joto la polepole linaloshuka kifuani, na unaweza kumaliza nusu ya glasi bila kukumbuka tarakimu iliyo kwenye lebo. Kikiwa kibaya huchoma kooni, na harufu yake hukaribia ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ishara kwamba uchachushaji ulianza kwenye joto kubwa mno au kwamba hamira ilikuwa chache na ikazidiwa na kazi. Kasoro hiyo haifunikwi na ladha nyingine yoyote, na kuihifadhi chupa hakuiponyi.

Nakushauri uandike maneno machache kuhusu funda la kwanza, na mengine machache glasi inapokaribia kwisha. Baridi huficha makosa kama inavyoficha uzuri, kwa hiyo bia iliyotengenezwa vibaya huzidi kuwa mbaya kadiri inavyopata joto: utamu hukinaisha na pombe hupanda puani. Yako, kwa maelezo yako mwenyewe, ilizidi kupendeza. Ningeihesabu miongoni mwa nzuri bila kuionja.

SWALI: Ndugu Mhariri, naona majina mengi kwenye chupa: Trappist, bia ya abasia, quadrupel, namba 8, namba 10, namba 12. Je, zote hutengenezwa na watawa? Na namba hizo ni asilimia za kileo? — *Msomaji wa miaka mingi*

JIBU: Nianze na namba, maana zimewapotosha wengi. Si asilimia. Zimetokana na kipimo cha zamani cha Kibelgiji cha msongamano wa bia kabla ya kuchachuka, na leo zimebaki kama majina tu. Westvleteren 12 ina kileo cha asilimia 10.2, Rochefort 10 ina 11.3, na Rochefort 8 ina 9.2, kwa hiyo anayechagua chupa kwa kulinganisha namba za viwanda viwili tofauti atakosea.

Jina la Trappist linalindwa. Ni la watawa wa shirika la Wasistersiani wanaofuata kanuni kali, na bia yenye alama yao rasmi ya pembe sita sharti itengenezwe ndani ya eneo la monasteri au jirani nayo, chini ya usimamizi wa watawa wenyewe, na mapato yake yatumike kwa mahitaji ya jumuiya yao na kwa misaada. Nchini Ubelgiji zipo Westmalle, Westvleteren, Chimay, Rochefort na Orval, ingawa Orval haitengenezi bia nyeusi kali. Bia ya abasia ni jambo jingine: huenda inatengenezwa na kampuni ya kibiashara kwa makubaliano na monasteri, kama Leffe inavyotengenezwa na kampuni kubwa ya AB InBev, au imebeba tu jina la abasia iliyobomoka zamani. Hilo haliishushi thamani. St. Bernardus ya kijiji cha Watou ilitengeneza bia kwa leseni ya watawa wa Westvleteren kuanzia 1946 hadi 1992, na Abt 12 yake ya asilimia 10 inashindana na yoyote iliyotoka mikononi mwa watawa.

Quadrupel ni jina la karibuni. Liliwekwa kwenye lebo na La Trappe, bia ya abasia ya Koningshoeven iliyoko Uholanzi, mwaka 1991, na viwanda vidogo duniani kote vikalichukua. Wanaopenda usahihi huitumia kwa bia za asilimia 10 na kuendelea, lakini mipaka yake na kundi zima la bia nyeusi kali za Kibelgiji haionekani wazi, na sioni faida ya kuibishania.

Swali ambalo hukuliuliza, lakini linaambatana na lako, ni kwa nini nchi ndogo kama Ubelgiji ikawa na bia kali nyingi namna hii. Mojawapo ya sababu zinazotajwa ni sheria ya 1919, inayojulikana kwa jina la mwanasiasa Emile Vandervelde, iliyozikataza baa kuuza pombe zilizokenekwa. Mnywaji aliyekuwa akitafuta kitu chenye nguvu akakitafuta kwenye bia, na watengenezaji wakampa. Sheria hiyo ilidumu hadi miaka ya 1980, muda uliotosha kabisa kuijenga ladha ya taifa.

SWALI: Ndugu Mhariri, chupa moja ndogo ya bia hii nihesabu kama bia moja? — *Msomaji anayeendesha gari*

JIBU: Ihesabu kama mbili. Chupa ya mililita 330 yenye asilimia 10 ina gramu 26 hivi za kileo, ilhali lager ya asilimia 5 ya ujazo huo ina gramu 13. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, wala kahawa na maji ya kuoga havilihimizi, kwa hiyo chupa hiyo moja itakaa mwilini kwa saa tatu hivi au zaidi. Chupa kubwa ya mililita 750 inakaribia gramu 60, nayo ni ya kugawana watu watatu au wanne. Siku unayoendesha gari, acha chupa mahali pake. Na kwa mama mjamzito hakuna kiasi kinachopendekezwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilinunua chupa tatu za kiwanda kimoja kidogo. Ya kwanza nilipoifungua, nusu ya bia ilimwagika ikiwa povu. Je, imeharibika, na hizo mbili nizifanyeje? — *Msomaji mwenye meza iliyolowa*

JIBU: Bia kali za Kibelgiji kwa kawaida huchachuka tena ndani ya chupa. Mtengenezaji huongeza sukari kidogo na hamira wakati wa kujaza, huzifunga chupa, kisha huzihifadhi mahali pa joto kwa majuma mawili au matatu, na gesi inayozaliwa humo hukosa pa kutokea. Ndiyo maana gesi yake ni nyingi kuliko ya lager, na chupa iliyotikiswa au iliyofunguliwa ikiwa na joto inaweza kufurika hata kama haina kasoro. Kama yako ilikuwa imetulia na imepoa, basi ama sukari ya kujazia ilizidi, ama bia ilitiwa chupani kabla haijamaliza kuchachuka, ama hamira ya pori imeingia na kuanza kula zile sukari changamano zilizotakiwa kubaki.

Onja kilichobaki, ndicho kitakachokuambia. Ladha ikiwa kamili na povu tu ndilo lililozidi, kosa ni la kipimo cha sukari. Ikiwa nyembamba mno, chachu, au yenye harufu kama ya moshi au plasta ya jeraha, bia imevamiwa. Hizo mbili usiziache kwenye joto, kwa kuwa shinikizo likiendelea kupanda kioo kinaweza kupasuka, na jambo hilo si la mzaha. Zipoze kabisa, zifunge kitambaa, uzifungulie juu ya sinki kwa kukilegeza kifuniko kidogo kidogo. Kijulishe kiwanda pia, pamoja na namba ya toleo iliyoandikwa kwenye chupa. Kiwanda kidogo hakiwezi kuzionja chupa zake zote, na taarifa yako inaweza kuzuia mzigo mzima usifike kwa wengine.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeambiwa bia hizi huhifadhiwa miaka mingi kama divai. Je, ni kweli? Zilazwe au zisimamishwe? Na yale mashapo ya chini hunywewa? — *Msomaji mwenye kabati tupu*

JIBU: Ni kweli kwa baadhi yake. Kileo kingi, kimea cheusi na hamira hai iliyobaki chupani, ambayo hula oksijeni kidogo iliyoingia wakati wa kujaza, huifanya bia hii istahimili muda ambao lager haiwezi. Katika mwaka wa kwanza na wa pili harufu ya ndizi hufifia, uchungu wa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) hulainika, na nafasi yao huchukuliwa na asali, tende na ladha inayokaribia divai ya sheri au ya Madeira. Muda ukizidi mno, bia hunukia katoni lililolowa au mchuzi wa soya, na hapo hairudi.

Tahadhari yangu ni kuhusu viwanda vidogo hasa. Abasia kubwa za Ubelgiji zina mitambo ya kujazia inayozuia hewa kwa ustadi, lakini anayejaza chupa kwa mashine ndogo au kwa mkono huingiza oksijeni zaidi, na bia yake huzeeka haraka hata kama mapishi ni mazuri. Kwa hiyo usinunue katoni zima kwa matumaini. Nunua chupa tatu, moja uinywe sasa, ya pili baada ya mwaka, na ya tatu uiamue kutokana na ulichokiona kwenye ya pili. Ambayo sasa hivi inachoma kooni usiitunze kabisa.

Zisimamishe, hata zile zenye kizibo cha gome, ili mashapo yatulie chini na eneo la bia linalogusana na hewa liwe dogo. Kabati lenye giza na joto lisilobadilikabadilika, kati ya nyuzi 10 na 15, linafaa zaidi. Kioo cha kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga unaoharibu hopsi na kuipa bia harufu ya uvundo, lakini hakizuii wote, kwa hiyo usizipange dirishani hata kama lebo zinavutia.

Mashapo ni hamira iliyolala, nayo haina madhara zaidi ya kulilegeza tumbo la mtu asiyeizoea. Mimina kwa mfululizo bila kuirudisha chupa wima, uache kiasi cha kidole kimoja chini, kisha uonje bia ikiwa safi. Ukitaka kujua hamira hiyo inaongeza nini, itie katika glasi ndogo kando: utakuta uchungu kidogo, ladha kama ya mkate, na vitamini za kundi B. Wanaoimimina yote glasini tangu mwanzo hawatendi kosa, ila ule ukavu wa mwisho niliousifu katika jibu la kwanza hufunikwa na utando wa hamira, na kwa chupa iliyotunzwa miaka miwili ningeona ni hasara.